Msikiti wa Misheni

"Chuo cha Misheni," Naqib Ghaniya alirudia, na kalamu yake ikasimama. "Wewe Kurani umeisoma chuo cha Misheni?"

"Ndiyo, afande. Nyuma ya msikiti wa Misheni."

Shawishi Ghaith, aliyekaa pembeni akilinda kinasa sauti, hakujua Kiswahili zaidi ya habari na karibu, lakini Kurani na Misheni aliyadaka, akainua nyusi. Ghaniya alijikaza asicheke. Tangu aanze upelelezi katika polisi ya Nizwa mpaka kufika cheo cha naqib, alikuwa amesikia uongo wa kila rangi, ila huu wa mapadri wenye msikiti ulikuwa mpya kwake.

Mwanamke aliyekaa mbele yake alijiita Mwatima binti Suud. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, amevaa baibui la kuazima lililomzidi urefu. Alikuwa ameingia Oman kwa viza ya matembezi, akaja moja kwa moja mpaka Manah, akabisha hodi kwa Hamed bin Suud, mkurugenzi mstaafu ambaye mji mzima humpisha njia. Akamwambia kwamba yeye ni dada yake waliyemwacha hospitalini bara. Hamed alimfungia mlango usoni, kisha akawapigia simu polisi.

Hamed alikuwa na sababu zake. Mwaka juzi alikuja kijana kutoka Dar, akajiita mtoto wa ami yao, akalishwa na kuvishwa, na siku ya kuondoka akaondoka na kidani cha Bi Khole, mama yake Hamed. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile Hamed alishtuka kwa kila anayepiga hodi kwa Kiswahili.

Kipimo cha damu kingeyamaliza maneno. Lakini Hamed alikataa katakata mama yake, kikongwe anayekaribia miaka tisini, achomwe sindano kwa ajili ya tapeli, naye mwenyewe akakataa kutoa damu, na amri ya mahakama isingepatikana kabla ya Idi. Viza ya Mwatima ilikuwa inakwisha kesho kutwa. Mwendesha mashtaka alitaka jibu moja tu kutoka kwa Ghaniya: huyu ni mwongo ashtakiwe, au ipo shaka ya kutosha abakishwe nchini? Mwatima mwenyewe hakuomba uraia wala urithi. Aliomba kuingizwa chumba kimoja, chenye bibi kizee mmoja, kabla hajafa mmoja wao.

"Bi Mwatima," Ghaniya alisema, "Misheni ni pahala pa Wakristo. Msikiti umefikaje huko?"

Mwatima akacheka, tena kwa raha, kama mtu aliyeulizwa habari za harusi yake.

"Afande, hujafika kwetu. Jina la serikali ni Lihonde, hilo lipo kwenye ramani. Watu tunasema Misheni. Mapadri walifika pakiwa pori, wakapiga mahema, wakajenga kanisa la mawe, wakachimba kisima. Penye kisima wakaja watu, penye watu wakaja Waarabu na maduka yao, akina baba yangu. Waislamu walipotaka msikiti, mafundi wa kuchonga mawe walikuwa wa padri, na padri akawatoa. Basi soko ni la Misheni, stendi ni ya Misheni, msikiti ni wa Misheni. Hata wachawi wetu ni wachawi wa Misheni, na mkoa mzima wanawaogopa."

"Unajivunia."

"Nijivunie wapi kwingine? Ndiko nilikolelewa."

Ghaniya akasukuma picha iliyokutwa kwenye mkoba wake. Watoto wa shule wamepangwa mistari, sista kando yao, na ukutani juu ya vichwa msalaba mkubwa. Mwatima alikuwa mstari wa mbele, chini ya huo msalaba kabisa.

"Na hii?"

"Shule ya msingi. Msalaba ni wa ukuta, afande. Si wangu."

"Aliyekulea nani?"

"Maalim Chande wa chuoni, na mkewe. Nilikuwa na surua. Lori la kwenda pwani halikutaka mtoto mgonjwa, na meli ya Arabuni isingengoja. Mama akanikabidhi kwa masista, akasema watarudi kunichukua. Nilipopona, sista mkuu akataka nibatizwe. Padri akamkatalia. Akasema mtoto huyu ameachwa amana, na amana haibatizwi. Akanishika mkono mpaka kwa Maalim Chande."

Hadithi ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomtia Ghaniya wasiwasi. Hajapata kumwona tapeli mwenye hadithi mbaya.

"Miaka yote hii hukuwatafuta?"

"Wapi? Nilijua wamekwenda Arabuni. Arabuni haina sanduku la posta. Mwaka huu ndiyo nikaona kwenye simu harusi ya Manah, watu wanaimba Kiswahili, mtu mmoja anaitwa Hamed bin Suud, na usoni ana pua yangu mimi."

Nje, muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti. Ghaith alikwisha kuweka tende na maziwa ya laban ya kufuturu mezani. Adhana ya magharibi ilipoanza, Mwatima aliinua uso na, kama mtu asemaye usingizini, akasema, "Kelenge hiyo. Tufungue." Kisha akapiga bismillahi, akatia tende mdomoni.

Ghaniya alishtuka, akaandika. Utaratibu wake ulikuwa kuandika Kiswahili upande mmoja wa karatasi na Kiarabu upande wa pili. Akaandika: *Aliposikia adhana alisema, kengele hiyo.* Neno alilinyoosha njiani bila hata kufikiri. Ghaniya alilelewa na bibi yake mzaa mama, mtu wa Malindi Unguja, aliyekuwa akimfinya kila alipokosea ngeli, na Kiswahili kilichopinda hakikupita kalamuni mwake bila kunyooshwa. Watu wa bara, alijisemea, hata kengele imewashinda. Chini yake akapiga mstari na kuongeza: *Masikio yake yamezoea kanisa.*

Hakumuuliza lolote. Aliona jibu analo tayari, naye alikuwa na njaa.

*

Kesho yake baada ya alasiri alikuwa Manah, katika baraza ya wageni ya Hamed. Dalla, birika la kahawa, lilikaa tupu kwenye sinia, maana Ramadhani ni Ramadhani. Hamed alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ukosi ukasimama wenyewe.

"Naqib, umekwisha kumhoji. Mnangoja nini?"

"Nimalizie na wewe. Pale mlangoni alikwambia nini?"

"Maneno matatu. Mimi ni Mwatima, nimetoka Lihonde, mliniacha hospitali. Nikafunga mlango."

"Hakuongeza?"

"Angeongeza kwa nani? Nilikwisha funga."

Ghaniya akaandika. "Na marehemu baba yenu duka lake lilikuwa wapi?"

"Unguja. Darajani."

"Hamkupata kukaa bara?"

"Abadan."

"Wala Lihonde?"

"Hata kulitamka ndiyo kwanza nimejifunza kwa huyo, ya binti." Akatabasamu kidogo. "Sisi ni watu wa Unguja, kila mtu hapa anatujua. Hakuna mtoto wetu aliyeachwa kule juu, wala kule chini. Khalas."

Ghaniya aliweka kalamu chini. Hakuwa na haraka. Alitazama zulia, akatazama picha za wazee ukutani, kisha akamtazama Hamed.

"Juu wapi?"

"Nini?"

"Umesema kule juu. Bi Mwatima nimekaa naye kutwa nzima, ameniambia hospitali ya Misheni na asiseme ipo juu wala chini. Mimi nikadhani ipo sokoni. Kwako amesema maneno matatu, na juu halimo."

Njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa amepiga kanzu yake pasi. Mkono wa Hamed ukalifuata dalla kana kwamba lina kahawa, ukarudi mtupu.

"Kilimani," alisema mwisho. "Kanisa na hospitali vilikuwa kilimani. Sisi na maduka tulikaa bondeni."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Mtoto mkubwa. Ninakumbuka kila kitu."

"Kwa nini umeficha, Sheikh Hamed? Polisi?"

"Si polisi. Nimewaficha watu wote." Sauti yake ilipanda. "Hapa watu wakiulizana walikotoka, huyu Unguja, yule Pemba, majina ya heshima. Mimi niliulizwa darasani wiki ya kwanza, nikasema kweli, natoka Misheni. Wakaniita Padri. Mwaka mzima, wallah! Padri Hamed, tusalishe! Padri Hamed, tubatize! Nikasema sitalitaja tena, na sikulitaja. Wanangu hawajui. Mke wangu Mungu amrehemu alikufa hajui."

"Na Mwatima?"

"Alikufa." Alisema kwa upole sasa. "Tulikuwa Dar tunangoja meli. Ikaja habari kwamba watoto wa wodi ya surua wamekufa. Mama hakulia mbele yetu."

"Habari ilimtaja Mwatima?"

Hamed alifikiri, na Ghaniya aliona kwamba hakupata kulifikiri hilo maishani mwake. "Ilisema watoto."

"Basi dada yako huenda alipona."

"Huenda. Na huenda huyu ni mtoto mwingine yeyote wa Misheni aliyemjua dada yangu, akalichukua jina lake. Kilima, wodi, Maalim Chande, kila aliyekulia kule anavijua. Utanithibitishia nini?"

Swali lilikuwa la haki, na Ghaniya alimheshimu kwa kuliuliza. Alichonacho kilithibitisha mji. Hakikuthibitisha tumbo.

"Niruhusu nimsalimie Bi Khole," alisema. "Sitamtaja mtu."

"Ukimtaja, ukampa mtoto kisha ukamnyang'anya, utamuua. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

Hamed akainuka. "Futari imekaribia. Ingia, ule na sisi."

*

Bi Khole alikaa juu ya godoro lake ukumbini, mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti, amejifunga kanga mbili zilizofuliwa zikalainika. Tahani, binti yake Hamed, alikuwa anapanga sahani chini: supu ya shurba, sambusa, kaimati, mkate wa kumimina uliokatwa vipande. Harufu ya iliki ilimkumbusha Ghaniya nyumba ya bibi yake, akajiona ametulia kuliko inavyompasa askari aliye kazini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

Ghaniya akajieleza ukoo, mtu wa Ibra kwa baba, wa Malindi kwa mama. Bi Khole akaridhika, akampapasa mkono.

"Mashallah, mikate hizi zinanukia," Ghaniya alisema. "Umepika wewe?"

"Hii," alisema Bi Khole.

"Naam?"

"Mikate hii inanukia. Mmoja huu, mingi hii. Malindi siku hizi hawafundishi watoto?"

Tahani akaziba mdomo. Ghaniya akahisi masikio yanawaka. Yeye, aliyewasahihisha wenziwe maisha yake yote, leo kafinywa na mtu mwingine, tena kwa haki.

"Usione haya," Bi Khole aliendelea. "Mimi nimezaliwa Vuga. Marehemu mama yangu akisikia neno limekwenda upande hali mpaka lirudi. Hawa wajukuu wangu wamenishinda, lakini ninawasahihisha mpaka kaburini. Wakiniombea dua, waombe kwa ngeli zake."

Wakacheka wote, hata Hamed aliyesimama mlangoni, ingawa macho yake hayakumtoka Ghaniya. Kisha wakanyamaza, kila mmoja na tende yake mkononi, kama wanavyonyamaza watu wa saumu dakika ile ya mwisho.

Adhana ikaanza, na Bi Khole akaitikia kwa kichwa.

"Kelenge imelia," alisema. "Fungueni, wanangu."

Tende ya Ghaniya ilisimama mdomoni.

"Bibi kila Ramadhani husema hivyo," Tahani alimnong'oneza. "Sisi hatujui ndiyo nini. Tunajua ni chakula tu."

Ghaniya alimeza tende, akanywa maji, akamshukuru Mungu, na muda wote huo akili yake ilikuwa inakwenda mbio. Kelenge. Jana neno hilo lilipita mbele yake naye akalinyoosha, akaliona ni ushamba wa bara. Leo limetoka kwa mtu wa Vuga, ambaye mkate mmoja hauruhusu uwe *hizi*. Bibi huyu hawezi kukosea neno la silabi tatu. Akilisema upande, anakusudia kulisema upande. Na mtu mzima mwenye Kiswahili kama hiki hujifunza wapi neno lililopinda? Ghaniya alijua pahala pamoja tu: kinywani mwa mtoto.

"Bibi," aliuliza polepole, "kelenge ndiyo nini?"

"Kengele, mwanangu."

"Mbona unaisema upande?"

Bi Khole aliweka bakuli lake chini, akafuta midomo na pembe ya kanga. Alimtazama mwanawe mlangoni, na Ghaniya akaona kwamba kikongwe huyu amelinyamazia jambo hili kwa kumstahi Hamed, na leo stahi imemwisha.

"Kwetu Vuga tulifungua kwa mzinga wa Serikali," alisema, na kidevu chake kikainuka. "Nilipoolewa Misheni nikafungua kwa kengele ya padri. Ndiyo, Tahani, usinikodolee macho, Misheni, babu yako alikuwa na duka Misheni! Maalim Chande anapanda juu ya msikiti, akiona jua limekwisha zama anainua fanusi. Kule kilimani mpiga kengele wa kanisa anaiona, anavuta kamba. Mji mzima, Muislamu na Mkristo, tukajua wenye saumu wamefungua. Nani mwingine duniani kapata heshima hiyo? Nimekaa Manah hii miaka na miaka nikiisikia, na nimekatazwa kuisema."

"Mama," alisema Hamed.

"Nyamaza, nimeulizwa mimi. Nilikuwa na mtoto, ndiyo kwanza anajua kusema. Kengele ilimshinda. Kelenge, mama, kelenge! Nikamfinya, nikamsahihisha, wapi. Baba yake akaanza kumwiga, na Hamed naye akaiga, nikabaki peke yangu na kengele yangu. Mwisho nikashindwa, nikawafuata. Ndilo neno pekee nililopata kushindwa." Akalichukua tena bakuli, lakini hakunywa. "Basi. Ndiye yule niliyemwacha."

Ghaniya alisimama, akaomba radhi, akamvuta Hamed ukumbi wa nje. Alitoa kinasa sauti mfukoni, akatafuta mwisho wa mahojiano ya jana, akakiweka sikioni mwa Hamed. Kikohozi cha muadhini. Adhana. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, laini, isiyojua kwamba inasikilizwa: *Kelenge hiyo. Tufungue.*

Hamed alikaa kizingitini na kanzu yake nyeupe, pale penye viatu.

"Uliniuliza nitakuthibitishia nini," Ghaniya alisema. "Mji mzima ulifungua kwa kengele. Nyumba moja tu ilifungua kwa kelenge. Jana nimelisikia kwa masikio yangu, nikaliandika sawasawa kwa ujuzi wangu mwingi, na nusura nimrudishe mtu uwanja wa ndege. Kipimo cha damu kitafuata. Mimi kwa mwendesha mashtaka sitaandika mwongo."

Hamed alikiomba tena kile kinasa sauti, akasikiliza mara ya pili. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Nilimfungia mlango," alisema.

"Umefungwa kwa komeo, haukujengewa ukuta."

"Mwambie mtu wako amlete. Mama nitamwambia mimi."

Ghaniya alimpigia Ghaith. Kutoka Nizwa mpaka Manah si mbali, lakini walioketi ukumbini ule waliiona safari ndefu. Hakuna aliyekula kaimati. Bi Khole, alipokwisha ambiwa yote, hata habari ya neno lililonyooshwa, hakulia wala hakuuliza mengi. Aliomba kanga nyingine, mpya, akaomba mto nyuma ya mgongo akae wima, akamwambia Tahani ampe kikombe cha kahawa na kijiko.

"Kahawa haijachemka, Bibi."

"Nimeomba kikombe, sikuomba kahawa."

Gari liliposimama nje, Hamed alikwenda mwenyewe kufungua. Majirani wawili walikuwa wanapita kwenda msikitini, wakasimama kuona polisi. "Kheri, Sheikh Hamed? Mgeni nani?" Ghaniya, aliyekuwa nyuma yake, alimwona Hamed akivuta pumzi.

"Si mgeni," Hamed alisema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka mwisho wa njia. "Dada yangu. Katoka kwetu, Misheni."

Mwatima aliingia ukumbini na baibui lake refu, akaliburura, akasimama hatua chache kutoka godorani. Hakuthubutu kusogea. Bi Khole alimtazama kwa macho yaliyofanya ukungu, uso ule wa miaka sitini ambao hakuwa na njia ya kuujua. Akanyanyua kikombe, akakigonga kwa kijiko. Kililia, kidogo, safi.

"Nini hiyo?" aliuliza.

Mwatima alikitazama kikombe.

"Kelenge, mama."

Kikombe kilianguka, na mikono miwili ikafunguka. Ghaniya aligeukia ukuta. Alitoa faili lake, akatafuta karatasi ya jana, akakata mstari aliouongeza chini, kisha akaanza kulikata lile neno alilolinyoosha. Nyuma yake, kutoka ndani ya kanga mbili na baibui moja, akasikia sauti kubwa ya Bi Khole, imelowa machozi na bado inaamuru.

"We mtoto wa Malindi! Liandike kama alivyolisema. Huyu, mtu asimsahihishe."